Datsun 240Z Kati ya Koni: Majibu kwa Mafundi wa Maneno

Palipo na Datsun 240Z moja hapakosi washauri kumi. Gari hili lililozinduliwa na Nissan mwishoni mwa 1969 limeshavuka nusu karne, na bado huko Marekani wapo wanaolipeleka mwisho wa wiki kwenye uwanja mtupu wa kuegesha magari, au kwenye njia ya ndege isiyotumika, wakalipitisha kati ya koni za plastiki huku saa ikihesabu. Mchezo huo unaitwa otokrosi. Chama cha SCCA, kilichoanzishwa 1944, kimekuwa na mashindano yake ya kitaifa tangu 1973. Raundi moja huchukua dakika moja hivi au pungufu, gia ya pili ndiyo inayofanya kazi kubwa, na kila koni inayoangushwa hukuongezea sekunde 2. Huna ukuta wa kuugonga wala mpinzani wa kukubana ubavuni. Kwa sababu hiyo mtu wa kawaida anaweza kushiriki na gari lake la kuendea kazini, na kwa sababu hiyo hiyo kila mtu ana nadharia yake kuhusu springi.

Nyingi ya nadharia hizo hazisimami. Kabla sijazijibu, nitaje tabia moja ya tairi ambayo majibu karibu yote yanaitegemea. Gari linashikana na lami kwa vipande vinne vya mpira, kila kimoja ukubwa wa kiganja hivi. Ukiliongezea tairi mzigo mara mbili, mshiko wake unaongezeka, lakini haufiki mara mbili. Maana yake ni kwamba matairi mawili yaliyogawana mzigo sawasawa yanashika kuliko mawili ambayo moja limeelemewa na jingine linaning’inia. Suspensheni haitengenezi mshiko. Inaamua tu matairi yatagawanaje mzigo, na yatasimama wima kiasi gani wakati wa kuubeba.

“Springi ngumu huzuia uzito usihamie upande mmoja.”

Haizuii. Chukua 240Z yenye kilo 1,050, mkalishe ndani dereva wa kilo 80. Tuseme kitovu cha uzito kiko sentimita 48 juu ya lami, na kutoka tairi la kushoto hadi la kulia ni sentimita 135.5. Likate kona kwa nguvu inayofikia asilimia 90 ya uzito wake, na kilo 360 hivi zitatoka kwenye matairi ya ndani kwenda ya nje. Rudia hesabu hiyo: umo uzito, kimo, upana na ukali wa kona. Springi haimo. Ni kweli bodi ikiinama kitovu cha uzito nacho husogea kidogo upande wa nje, lakini kiasi hicho ni kidogo mno kubadili hoja. Ukifunga springi za lori, kilo zile zile zitahama. Tofauti ni kwamba gari halitainama, na mtazamaji ataridhika.

Sisemi springi za kiwandani zibaki. Zilikuwa laini, mbele karibu kilo moja na nusu kwa kila milimita moja inayokandamizwa, na nyuma zaidi kidogo. Kila kona ya mbele ikibeba kilo 230 hivi za bodi, gari linapanda na kushuka mara 1.25 kwa sekunde, mwendo mzuri wa safari ndefu na mbaya wa kukwepa koni tano zilizopangwa mstari mmoja. Hapo ndipo wengi wanapokosea hesabu kwa mara ya pili: wakitaka gari lijibu upesi maradufu hununua springi ngumu maradufu. Kuuongeza mwendo huo mara mbili kunahitaji ugumu mara nne. Springi ya kilo 4 kwa milimita inafikisha mara 2 kwa sekunde, na gari bado litakurudisha nyumbani bila kukung’oa meno. Anayefunga za kilo 8 au 10 amenakili gari la mbio linalokimbia kwenye lami laini kwa matairi ya mbio. Lami ya uwanja wa kuegesha ina viraka, ina maungio ya zege, ina mifuniko ya mifereji. Tairi lililo hewani halishiki kitu.

“Kadiri linavyoshushwa ndivyo linavyoshika.”

Dai hili lina chembe ya ukweli, na ndiyo maana limeharibu 240Z nyingi kuliko mengine yote. Rudi kwenye hesabu yetu. Ukilishusha gari sentimita 4, kilo zinazohama zinapungua kutoka 360 hadi 330. Faida ipo, na ni kilo 30. Sasa tuangalie gharama yake.

240Z imesimama kwenye strati mbele na nyuma: nguzo moja yenye springi na shokapu ndani yake, na chini kuna mkono unaounganisha gurudumu na shasi. Gari likiwa kwenye kimo chake cha kiwandani, mkono huo unateremka kidogo kuelekea gurudumu. Ukishusha bodi, upande wa shasi unashuka nayo, lakini upande wa gurudumu unabaki pale pale. Mkono unalala sawa, kisha unaanza kupanda kuelekea nje. Linalofuata halionekani kwa macho. Kuna nukta ambayo bodi huizunguka inapoinama kwenye kona, na mahali pake panategemea mwelekeo wa mkono huo wa chini. Ukishusha gari, nukta hiyo inashuka kwa kasi kuliko kitovu cha uzito. Nafasi kati ya hivyo viwili ni kama mpini wa nyundo: ukirefuka, nguvu ile ile inageuza zaidi. Gari uliloliteremsha ili lisiiname limepata sababu mpya ya kuinama.

Kuna pia kemba, yaani mwegemeo wa tairi likitazamwa kwa mbele. Mkono ukiwa bado unateremka, strati inapokandamizwa kwenye kona sehemu ya chini ya gurudumu husukumwa nje, na tairi linajilaza upande unaotakiwa. Mkono ukishapanda, kukandamiza kule kule huvuta sehemu ya chini ndani. Tairi la nje, ambalo ndilo limebeba karibu kila kitu, linasimama kwenye bega lake. Tairodi nayo haizunguki tena sambamba na mkono, hivyo gurudumu likipanda kiraka linageuka lenyewe bila dereva kugusa usukani. Anayeendesha husema gari “lina wasiwasi”. Hakukosea.

Jambo la mwisho ni urefu wa strati. Teremsha gari sentimita 5 bila kugusa bomba la strati, na shokapu itakuwa imebakiza nafasi finyu kabla ya kugonga raba ya mwisho. Ikigonga, ni kama springi imegeuka jiwe, na tairi la kona hiyo linaachia ghafla. Dereva anashuka, anasema springi bado laini, anaagiza ngumu zaidi. Nimelisikia shauri hilo likitolewa kwa uzito wote na watu waliovaa ovaroli safi.

Dawa ipo. Kuna vipande vya chuma vyenye unene wa milimita 25 hivi vinavyofungwa kati ya chini ya strati na mkono wa usukani. Vinashusha boljointi na kurudisha mteremko wa mkono karibu na ulivyokuwa. Na kuna kulikata bomba la strati, kulifupisha na kulichomelea upya kwa ajili ya shokapu fupi, kazi ya mchomeleaji anayejua kwamba bomba hilo ndilo linalobeba gurudumu. Kama hutafanya haya mawili, sentimita 2 au 3 zinatosha. Kutoka hapo unanunua sura.

“Pua ikikimbilia nje, funga stablaiza nene nyuma.”

Kwanza tuelewane stablaiza inafanya nini. Zile kilo 360 zitahama kwa vyovyote. Stablaiza inaamua ni ngapi zihamie mbele na ngapi nyuma. Ukikaza nyuma, tairi la nyuma la nje linaelemewa, la ndani linanyanyuka, na mshiko wa nyuma unapungua. Pua inaonekana kupona kwa sababu mkia sasa umekuwa dhaifu kuliko yenyewe. Umeweka usawa kwa kuuangusha upande uliokuwa mzima.

Kwa 240Z kuna hasara ya pili. Gari linasukumwa na magurudumu ya nyuma, na difu yake ya asili, R180, iko wazi, haina kizuizi cha kulifanya gurudumu moja lisizunguke peke yake. Tairi la nyuma la ndani likikosa mzigo, nguvu ya injini inamwagika huko. Otokrosi ni mchezo wa kutoka kwenye kona za polepole, kona baada ya kona, na kila unapotoka unakanyaga mafuta huku tairi la ndani likiimba na gari haliendi. Sekunde zinazopotea hapo ni nyingi kuliko zilizopatikana kwa pua kutii.

Mimi ningeanza mbele. 240Z za awali zilizouzwa Marekani zilikuwa na stablaiza ya mbele peke yake, na wahandisi wa Nissan hawakuisahau ya nyuma kwa uvivu. Najua litakalofuata: vitabu vinasema stablaiza nene mbele huzidisha pua kukimbia. Vinasema kweli kwa gari ambalo tairi lake hubaki wima bodi inapoinama. Strati haiko hivyo. Bodi ikiinama, tairi la mbele la nje linainama nayo, na linapoteza mshiko kwa kusimama kwenye bega kuliko linavyopoteza kwa kuongezewa mzigo. Zuia kuinama kwa mbele, na mara nyingi pua inashika zaidi, kinyume cha kitabu. Kama baada ya hapo mkia bado ni mzito kugeuka, funga stablaiza nyembamba nyuma. Na kama una fedha ya kitu kimoja tu kikubwa, nunua difu yenye kizuizi kabla ya stablaiza yoyote ya nyuma.

“Shokapu zikaze hadi mwisho, siku ya mashindano si siku ya starehe.”

Shokapu haiamui uzito kiasi gani utahama. Inaamua utahama upesi kiasi gani, na kwenye otokrosi, ambako gari halitulii kwenye kona moja hata sekunde tatu, jambo hilo ni kubwa kuliko springi zenyewe. Kwa hiyo wanaosisitiza shokapu nzuri wako sahihi. Kosa ni hilo neno “mwisho”. Shokapu iliyokazwa kupita kiasi upande wa kurefuka hairuhusu gurudumu lirudi chini kabla ya tuta linalofuata. Gurudumu linapanda, linabaki juu, linapanda tena, na bodi inavutwa chini kidogo kidogo mpaka inakalia zile raba. Unakuwa umelishusha gari bila kukusudia, pamoja na matatizo yote niliyoyataja.

Anza laini. Kaza hatua moja moja, mbele peke yake kwanza, mpaka gari liache kuelea unapolipitisha kwenye mstari wa koni. Endelea mpaka uhisi tairi likirukaruka kwenye viraka, kisha rudi nyuma hatua moja. Halafu nyuma. Anayegeuza kona zote nne kwa mkupuo hawezi kujua ni ipi iliyomsaidia.

“Kemba hasi ikizidi ndiyo vizuri.” Hili ni fupi. 240Z ilitoka kiwandani ikiwa na kemba chanya kidogo na bila mahali pa kuirekebisha, kwa hiyo yeyote anayeongeza kemba hasi mbele, kwa bushi zenye tundu lisilo katikati au bamba za juu ya strati, anafanya jambo la maana. Digrii 2 hadi 2.5 mbele, 1.5 hivi nyuma, ni pa kuanzia kwa tairi la barabarani. Kuzidi hapo, tairi linasimama kwenye ukingo wa ndani unapofunga breki na unapokanyaga mafuta, na nyuma ndiko kunakoumia zaidi. Kipimajoto cha tairi husaidia sana kwenye mbio ndefu, lakini baada ya raundi ya dakika moja mpira haujapata moto wa kutosha kutoa ushahidi mzuri. Uchakavu wa mpira baada ya siku nzima unasema zaidi. Kuhusu ncha za magurudumu, za mbele zikifunguka nje kidogo gari huingia konani kwa hiari. Za nyuma zisifunguke nje hata kidogo.

“Toa raba zote, weka bushi za poliuretani kila mahali.” Raba ya miaka hamsini lazima itoke, hilo halina mjadala, na ningeomba itoke kabla hujanunua springi, kwa sababu bushi iliyokufa itakudanganya kuhusu kila kipimo utakachopima. Lakini si kila mahali panahitaji ugumu. Mbele ya 240Z kuna fimbo inayoshikilia mkono wa chini usiende mbele na nyuma, na mkono ukipanda na kushuka fimbo hiyo inahitaji kuyumba kidogo kwenye bushi zake. Ukiibana kwa poliuretani pande zote mbili, haiyumbi, inapinda. Chuma kinachopindwa maelfu ya mara hukatika, na wenye Z wanalijua hilo. Weka raba upande mmoja.

“Mbona ilishinda Safari vile ilivyo?”

Huu ndio utetezi unaopendwa zaidi kwetu Afrika Mashariki, na naelewa kwa nini. Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda Safari Rally kwa 240Z mwaka 1971. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akiwa na Lofty Drews, alishinda kwa 240Z baada ya kufungana pointi na Harry Källström wa Datsun 1800 SSS. Hizo ni barabara zetu na matope yetu. Kutoka hapo watu wanafikia moja ya mahitimisho mawili: kwamba suspensheni ya 240Z haihitaji kuguswa, au kwamba inafaa kunyanyuliwa kama ile ya Safari.

La kwanza linasahau kwamba yale hayakuwa magari ya dukani. Yaliandaliwa na timu ya kiwanda kwa kazi ile. La pili linasahau kazi yenyewe. Safari ilikuwa maelfu ya kilomita, na aliyeshinda ni yule ambaye gari lake lilikuwa bado zima. Ilihitaji kimo cha kupita juu ya mawe, springi zenye safari ndefu, na matairi yanayofuata mashimo bila kuivunja strati. Kumbuka pia kwamba karibu miaka ile ile, 1970 na 1971, John Morton alitwaa ubingwa wa SCCA katika daraja la C Production kwa 240Z ya timu ya BRE ya Peter Brock, gari lililoteremshwa na kukazwa kwa ajili ya lami ya viwanja vya mbio. Gari moja, maandalizi yanayopingana, na yote mawili yakashinda, kwa sababu kila moja liliandaliwa kwa ardhi yake.

Hilo linanipa nafasi ya kusema jambo kwa msomaji wa Kenya. Otokrosi ya Kenya hukimbiwa kwenye vumbi. Kama una Z na unataka kuipeleka huko, namba nilizotoa hapo juu zisikuongoze. Jifunze kwa Safari: kimo, ulaini, safari ndefu ya springi, kemba kidogo tu. Kwenye udongo uliolegea hata kuinama kwa bodi si adui, kwani uzito unaohama polepole humpa dereva muda wa kuusikia.

“Kifaa cha ziada hakimdhuru mtu.” Kinamdhuru, na si kwa uzito tu. Kwenye daraja la Street la SCCA, kama gari lako linakubaliwa humo, unaruhusiwa kubadili shokapu, na stablaiza ya upande mmoja, wa mbele au wa nyuma. Springi huruhusiwi. Ukifunga springi ulizoambiwa ni za lazima, wasimamizi watakuhamishia daraja la magari yaliyofanyiwa mengi zaidi, na utakuwa umelipia wapinzani wakali kuliko uliokuwa nao. Soma kanuni kabla ya kusoma bei.

“Punguza upepo ili tairi litanuke lishike.” Kwenye mchanga, sawa. Kwenye lami, kwa tairi la kawaida lililofungwa kwenye rimu nyembamba kama zile za asili za 240Z, zenye upana wa inchi 4.5, upepo ukipungua ubavu wa tairi unajikunja kwenye kona na gari linakanyaga maandishi ya tairi badala ya mpira. Chora mistari ya chaki kutoka kwenye ukingo wa kukanyagia hadi ubavuni, mahali pawili au patatu kwa kila tairi, kisha kimbia raundi. Chaki ikifutika mpaka ubavuni, ongeza upepo. Ikibaki juu ya ukingo wenyewe, punguza. Ukishapata mahali inapoishia ukingoni, tofauti ya paundi 2 kati ya mbele na nyuma inatosha kuhisiwa kwenye usukani, na inafanyika kwenye foleni, kati ya raundi na raundi, bila spana. Andika namba pamoja na hali ya jua, maana lami ya asubuhi na ya saa nane mchana hazitaki upepo mmoja.